Mutoto anasema historia haitamusaidia kitu, na baba yake iko upande wake

Yaya, jambo sana na pole na kazi.

Miye ni mama wa batoto ine, tunaikala hapa Lubumbashi, komini ya Kenya (Kenya yetu ya hapa, haiko ile inchi ya Nairobi, nayua bengine banakusomaka toka mbali). Mutoto wangu wa kwanza, tumuite Dani, iko na miaka 16, iko ku mwaka ya tatu ya humanite, seksio sientifike. Ni mutoto wa akili, hesabu na fizike hana shida nazo, hata benzake banakuyaka ku nyumba abasaidie. Lakini ku buletini ya periodi ya kwanza nikaona namba moja tu na bik nyekundu, historia. Nikamuuliza, akanijibu bila haya, mama ile somo ya bantu balishakufa itanisaidia nini, maksima yake ni kidogo, nitaifinika na hesabu.

Baba yake anafanyaka kazi mu sosieti moja inasaidiaka mambo ya mugodi. Nilifikiri atamugombeza, kumbe akacheka akasema mwache mutoto, mu mugodi habatamuuliza Msiri, ule mfalme wa zamani, alikufa mwaka gani. Na kusema kweli hata profesa wao anabasaidia kuchukia, anaingia, anadikte nota mpaka kengele, ku interogasio anaulizia miaka na majina, imeisha.

Yaya, kama ilikuwa paka namba nyekundu singekusumbua. Lakini siku moja Dani alikuwa ku kiwanja na benzake, telefone inapiga odio ya grupu moja ya WhatsApp, muntu anasema Bakasai balikuya hapa kwiba kazi ya bene inchi, barudi kwabo. Batoto banacheka, na Dani naye anacheka anasema iko kweli. Sasa sikia, papa yangu miye ni Mukasai! Alizaliwa hapa, baba yake njo alitoka kule Kasai kuya kutumika Union Minière, ile kampuni ya shaba ya Babeleji. Bwana yangu ni Musanga, kabila ya hapa Katanga. Kwa hiyo ile mutoto alikuwa anacheka nkambo yake mwenyewe, ule anamununuliaka viatu.

Nikamuita ndani nimufasirie na kinywa ikakauka, juu miye mwenyewe siyui kitu. Siyui baba wa papa yangu alikuya mwaka gani, alipenda ao balimulazimisha, siyui juu ya nini Bakasai balikuwa bengi vile ku Gécamines, kampuni ya Leta ilirizi Union Minière. Mu 1992, wakati Bakasai balifukuzwa, nilikuwa mutoto mudogo, nakumbuka paka bamama ba majirani banafunga bintu na banalia, shiye tulibaki juu mama yangu ni wa hapa, na hakuna mukubwa alinikalisha kunifasiria. Papa yangu ukimuuliza anasema wacha hizo.

Sasa naomba shauri. Nilazimishe mutoto asome historia, ao bwana yangu iko na haki kwamba ni kukariri bule? Na ile mambo ya odio nimwambie nini pasipo kuleta vita mu nyumba?

Mama Dani, Lubumbashi

—

Mama Dani, jambo mama.

Nianze na bwana yako, juu iko na haki nusu, na nikimpinga toka mustari wa kwanza hatafika mwisho. Somo la kuandika miaka na majina ya wafu mpaka kengele, halafu ku interogasio unarudisha vilevile, ile mimi sitaitetea. Mtoto mwenye akili ya fizike itamuchosha tu, fizike inamuulizaka "juu ya nini" na historia ya namna ile haimuulize kitu. Profesa naye tusimtupie mzigo wote, darasa limejaa, vitabu hakuna, mshahara wenyewe unamjia vile unamjia, kudikte njo njia ya kumaliza programu. Na ile hesabu ya kufinika, ku buletini inaweza kupita, lakini ku Ekzameni ya Leta siku ya kiltire jenerale maswali ya historia yatakuwa pale mezani yanamngoja. Hiyo ni faida ndogo, tuipite.

Kinachonitisha katika barua yako ni kingine. Dani anasema hataki historia na kumbe anaisoma kila siku, juu ile odio ni historia. Inasema nani alikuja, alikuja kufanya nini, nani ni mwenye inchi, nani arudi. Ni somo zima, na mwalimu wake hana jina, hana mwaka, hana karatasi hata moja, na hakuna mtu anamuuliza umeyua namna gani. Hakuna mtoto wa Lubumbashi anakaa bila historia, mama. Asiyepata ya masomo anapata ya telefone, na ile ya telefone haidikte, inachekesha, njo maana inaingia haraka.

Sasa nikupe kile ulikosa siku ile kinywa ilipokauka, uwe nacho.

Union Minière ilianzishwa mu 1906, reli kutoka kusini ikafika hapa 1910, mwaka uleule muji wa Elisabethville (Lubumbashi ya leo) ulizaliwa, na 1911 wakaanza kuyeyusha shaba pale penye shimini tunaona mpaka leo. Shida yao ilikuwa watu. Huku kusini mwa Katanga vijiji vilikuwa vichache na watu hawakuwa na hamu ya kuacha mashamba yao kwenda kufa ku kambi, na walikufa kweli, miaka ile ya kwanza magonjwa yalimaliza wafanyakazi wengi sana. Basi kampuni ikatafuta watu mbali. Wakatoka Rhodesia ya Kaskazini, ile leo ni Zambia, wengine Ruanda-Urundi, wengine Kasai na Lomami, na wengi walitolewa na machifu wao waliokuwa wanabanwa na utawala walete vijana, kwa hiyo swali lako la kupenda ao kulazimishwa ni swali zuri kuliko unavyofikiri, jibu linabadilika kufuatana na mwaka. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha siasa yake, ikaona kuleta mtu mpya kila mara ni hasara, ikaanza kutoa kontra ya miaka 3, mtu akuje na bibi yake, apewe nyumba ku kambi, mposho kila juma, lopitali, masomo ya watoto. Njo vile familia zilikaa. Papa yako kuzaliwa hapa ni matunda ya uamuzi ulioandikwa ku biro ya kampuni, si ujanja wa mtu wa Kasai aliyeamka asubuhi kuja kuiba kitu.

Lakini ngoja, usikimbie kumwambia Dani hii peke yake, juu hapo nawe utakuwa umefanya odio yako. Upande wa bwana yako iko nayo kilio, na si cha uongo. Udongo ulikuwa wa wazee wao, mugodi ukachukua udongo, kisha kazi nzuri za biro wakaona zinakwenda sana kwa watu waliotoka kwingine, waliokuwa wametangulia kupata masomo. Mu 1957 walipochagua babourgmestre (wakubwa wa komini) Waafrika wa kwanza mu Elisabethville wengi walitoka nje ya Katanga, watu wakaumia, na mu 1958 Conakat, chama cha siasa cha wenye kujiita bene Katanga, ikazaliwa. Tarehe 11 mwezi wa saba 1960, siku 11 tu kisha uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe, mukubwa wa Conakat, akatangaza Katanga imejitenga, mambo yakaendelea mpaka mwezi wa kwanza 1963. Na hata hapo usiruhusu mtu aseme "Bakatanga walitaka" hivi tu, Baluba wa kaskazini ya Katanga na chama chao Balubakat ya Jason Sendwe walipinga wakapigana. Katanga ilipigana na Katanga. Odio haitakuambia hiyo juu inaharibu hadithi yake.

Tena huyu "mwenye inchi" ni nani? Msiri mwenyewe, ule bwana yako alimtaja kwa kucheka, watu wake Bayeke walitoka upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, wakajenga Bunkeya, na Basanga, wazee wa bwana yako kabisa, walimwasi juu alikuwa mkali. Shaba yenyewe watu wa huku waliichimba na kuiyeyusha mbele ya Msiri na mbele ya Mzungu, misalaba ya shaba inatoka mu makaburi ya zamani sana.

Na kwa kuwa tumefika kwa Msiri, Baba Dani, hapa naongea na weye: alikufa tarehe 20 mwezi wa 12, 1891, alipigwa risasi pale Bunkeya na kapiteni Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, na Bodson naye akauawa palepale. Ni kweli mu mugodi hawatakuuliza huo mwaka. Lakini kila lori la shaba linapangaka foleni Kasumbalesa, ku mpaka na Zambia, linangoja juu ya kile kitu, maana Waingereza kutoka kusini nao walikuwa wanataka Katanga, Msiri akakataa kutia sahihi mkataba wao, watu wa Leopold wakafika na bunduki, na mpaka wa inchi ukakaa pale unaujua. Ndiyo historia yenyewe hiyo, mwaka ni kibandiko tu cha juu.

Kuna nyingine ya mugodi. Uraniyumu ya Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi, njo iliingia sana katika bomu waliloliangusha Hiroshima mwaka 1945, na watoto wangapi wa Likasi wanaijua? Tena Code minier, ile sheria ya mugodi waliyoibadilisha mu 2018, inaomba kampuni zitoe asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya vijiji vilivyoguswa na mugodi. Sasa wakija kuuliza kijiji gani kilikuwa hapa, kilihamishwa lini, makaburi ya nani yako chini ya ile tele (kilima cha takataka za mugodi), nani atajibu? Atajibu mwenye kuweka kumbukumbu, na asipokuwepo wa kwenu ataletwa wa kampuni. Mwanasheria hana kitu cha kushika kama hakuna mtu alikusanya ushuhuda mbele yake. Kwa hiyo ule mtoto wa sientifike anayetaka kuwa injinia anahitaji hii, hata kama hatakuwa profesa wa historia maisha yake yote, na nisiseme uongo, kuwa profesa wa historia huku hakujazi mfuko, sikushauri umsukume huko.

Mama Dani, turudi kwako na ile sentensi "walikuja kuiba kazi". Usimgombeze Dani. Mwambie tuipime, kama anavyopimaka kitu mu fizike. Kama Bakasai njo walikuwa wanamaliza kazi, walipoondoka kazi ingerudi, sivyo? Mu 1992 na 1993 wakafukuzwa watu mamia ya maelfu, Likasi, Kolwezi, wakalala ku gare wanangoja treni, wengi wakafa palepale, wale bamama majirani uliowaona wakifunga bintu walikuwa kati ya waliofukuzwa. Sasa kazi ilirudi? Mugodi wa Kamoto ulikuwa umebomoka toka 1990, mashine zimezeeka, pesa ya Gécamines imekuliwa juu, madeni yamejaa, na mu 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu 10 wakaondolewa kwa ule mpango walioita "départ volontaire" uliosaidiwa na Banki ya Dunia, Basanga ndani, Babemba ndani, Baluba ndani, kila mtu na bahasha yake. Mwulize: huyu wa ku odio anasema nini juu ya hiyo? Mtoto wa hesabu ataona mwenyewe kwamba ekwasio haisimami.

Nitakupa mfano mwingine juu naupenda, na juu unaonyesha kazi ya historia ni nini. Mu 1941 vita ya Ulaya ilipandisha bei, mshahara ukabaki chini, wafanyakazi wa Union Minière wakagoma hapa kwetu. Tarehe 9 mwezi wa 12 wakakusanyika ku kiwanja cha mpira na waaskari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi aliyekuwa anasema kwa niaba yao aliuawa. Sasa uliza walikufa wangapi: utawala uliandika namba yake, wazee waliokuwako na wanahistoria wengine wakasema ni zaidi, na mpaka leo hazikubaliani. Hapo njo Dani anapaswa kukaa. Nani aliandika ile namba ndogo, alikuwa na faida gani kuipunguza? Nani anasema kubwa, aliona mwenyewe ao alisikia? Maswali hayohayo matatu (nani anasema, ameyua namna gani, anataka nini kwetu) yanafaa ku rapoti ya mkoloni, yanafaa ku hotuba ya mwanasiasa wakati wa uchaguzi, yanafaa ku odio. Na mtu akiweza kuyauliza ku habari inayomfurahisha, si ile inayomkasirisha tu, huyo amesoma historia hata kama hakumbuki mwaka mmoja.

Nakuonya lakini, wengine wanasemaka historia inaleta amani, mimi siamini hivyo moja kwa moja. Wale waliowachochea watu mu 1992 nao walikuwa na historia, waliikata tu vipande wakachukua walichotaka. Ikifundishwa upande mmoja ni sumu, afadhali mtoto asiyejua kabisa. Njo maana nasema upande wa bwana yako na upande wako vyote viingie ku meza moja.

Mambo ya kufanya sasa. Papa yako anasema "wacha hizo", na ana sababu, usimwanzishe na 1992. Muanzishe na kazi. Mwulize baba yake alikuwa na matrikule (namba ya mfanyakazi) gani, kambi gani, mposho ilikuwa kilo ngapi za unga, mwalimu wake wa kwanza aliitwa nani, waliongea luga gani ku kiwanja. Wazee wa Union Minière na Gécamines wanasahauka vingi lakini matrikule hawasahauki! Hapa kwetu Université ya Lubumbashi maprofesa kama Donatien Dibwe dia Mwembu wamefanya miaka mingi kazi hiyohiyo, kukaa na wafanyakazi wa zamani na kuandika wanavyokumbuka, na toka 1965 kuna mabwana waliotumika uboi (kazi za nyumbani) kwa Wazungu walioandika wenyewe historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu hiki, hawakungoja ruhusa ya mtu. Kwa hiyo si mchezo wa watoto. Swali liulizwe na Dani, si weye, wazee wanawafunguliaka wajukuu mlango wanaoufungia watoto wao. Akifika mwenyewe ku 1992, nyamazeni. Asipofika, basi.

Halafu Dani aende na baba yake upande wa Basanga, maswali ya namna ileile: udongo ulikuwa wapi, chifu alikuwa nani, Union Minière ilipofika ilichukua nini. Hapo na bwana yako utakuwa humuulizi kama historia inafaa, utakuwa unamuomba amwambie mtoto habari za wazee wake, na hakuna mwanaume ninayemjua aliyekataa hiyo. Mkipata nafasi mpite ku Musée ya Lubumbashi, msikimbie.

Kwa profesa, nenda kama mzazi, bila kelele na bila kumkumbusha namba nyekundu. Mwambie Dani anakusanya ushuhuda wa nkambo wawili, kama anaweza kukubali auseme darasani ao aurudishe kama devuari ya periodi ya pili. Wengi watafurahi, wamechoka kudikte kuliko watoto walivyochoka kukopia. Akikataa, mtoto asome zile nota zake apite, hapo hakuna dawa nyingine. Ukilazimisha, lazimisha hiyo tu, namba ya kupita. Hamu ya kusoma haipatikani kwa fimbo.

Na tafazali, kama papa yako atatoa livre ya kazi ao picha za kambi, makaratasi ya kweli yabaki kwake ku sanduku. Dani apige kopi, na hata sauti ya mzee asiichukue ku telefone mbele ya kumuomba ruhusa, wala asiitume ku grupu yoyote.

Yaya